Nitafutieni riwaya ambayo mwandishi hakumuua aliyetufanya tumpende

Mama Zipu, Moshi

Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina kiduka Moshi mjini, upande wa Mbuyuni. Nauza zipu, vifungo, uzi, lastiki, bitana na vikorokoro vyote vya mafundi cherehani. Biashara hii ina misimu yake. Januari ni sare za shule, huinui kichwa. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, na kila mmoja gauni la Krismasi alilitaka tangu jana. Katikati hapo kuna miezi ya kukaa unaangalia barabara, nami ndiyo ninayosomea. Kitabu nakilaza juu ya kaunta, nakigandamiza kwa mkasi upepo usifunue kurasa. Kila anayeingia ananiuliza nasomea mtihani gani. Nikijibu sina mtihani, wengine wananionea huruma kabisa.

Tangu mvua za masika nimesoma riwaya mfululizo, nyingine za kurudia, na nimebaki na dukuduku. Nalileta kwenu kwa sababu hapa dukani wa kubishana naye sina.

Nilianza na Rosa Mistika ya Kezilahabi. Wengi mnaijua: Rosa, binti mkubwa wa Zakaria na Regina, kule Ukerewe. Baba mlevi, mama ndiye nyumba. Siku Zakaria anapojua kuwa binti ameandikiwa barua na mvulana, kinachofuata ni kipigo ambacho mimi mama wa watoto wakubwa nilishindwa kukisoma kwa mkupuo mmoja. Nilifunga kitabu, mteja amesimama mbele yangu anataja rangi ya uzi, simsikii. Riwaya ilitoka 1971, mwandishi hajatimiza miaka thelathini, lakini anajua baba wa namna hiyo anavyokohoa akiingia nyumbani na watoto wanavyobadilika sura. Nilimvulia kofia. Rosa anatoka nyumbani, anaonja uhuru ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia, anaharibikiwa, na yote hayo naamini neno kwa neno.

Halafu anakuja Charles. Wanajamvi, Charles amenikera kuliko Zakaria! Anampenda Rosa mpaka anapojua si bikira, kisha anaondoka na usafi wake. Na Rosa anajiua. Sikulia. Nilikasirika, na niliyemkasirikia ni mwandishi. Msichana aliyehimili mkono wa Zakaria ndiye wa kumalizwa na Charles?

Nikasema labda ni kitabu kimoja tu, nikachukua Kichwamaji yake huyohuyo Kezilahabi. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, naye anajiua. Nikachukua Dunia Uwanja wa Fujo. Tumaini, baada ya fujo zake zote na shamba lake, ananyongwa. Riwaya tatu, 1971 mpaka 1975, na kati ya hao watatu hakuna aliyeota hata mvi. Nagona niliifungua pia, nikairudisha mahali pake kwa heshima. Ile iacheni.

Siwezi kumwambia marehemu Kezilahabi namna ya kuandika. Lakini nakaa na mafundi siku nzima, na namjua fundi aliyechoka kabla ya kumaliza pindo: anakata uzi kwa meno, anakukabidhi nguo, anakuambia tayari. Mara nyingine nikifika mwisho wa riwaya zetu nahisi kile kifo ni yale meno.

Sasa njooni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja anayeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anamkimbia. Kwao wanamfungia mlango. Anakwenda Ng'ambo kwa Mwajuma, rafiki yake Mswahili, na hapo maisha ndiyo yanaanza: mapenzi na Denge, siasa za kumtoa Mwingereza, polisi kugonga milango usiku. Mimi nilisoma nimekaza mwili. Kila sura nasema sasa, sasa Shafi atamuadhibu huyu binti. Utakuja ugonjwa, kitakuja kisu, atatupwa mtaroni awe funzo kwa mabinti wengine. Haikuja! Denge anachukuliwa na mapambano yake, na Yasmin anapata hasara, kisha anapanga upya. Mwisho anaolewa na Bukheti, na ndoa hiyo siyo zawadi wala adhabu. Ni maisha tu yanaendelea.

Denge mwenyewe sikumpenda sana. Jasiri, msomi, hana tamaa, hana kasoro hata ya kukoroma. Lakini kwa ajili ya Yasmin na Mwajuma namsamehe Shafi huyo Denge mzima na hotuba zake. Mwajuma ndiye hasa ninayetaka awe jirani yangu. Hana kitu na anagawa.

Ya mwisho ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Mwanangu aliniagizia Dar, ikaja na basi ndani ya boksi la viatu. Yusuf ana miaka kumi na miwili, baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, basi mtoto anatolewa kulipa deni. Anamwita Aziz mjomba, na Khalil wa dukani anamkatisha kila mara kwamba yule si mjomba wako. Mle dukani nilijiona nipo nyumbani, maana Gurnah anajua duka. Anajua mtu wa kaunta anavyoona mji mzima bila kutoka. Na sisi wa huku tuna sababu yetu ya kuipenda sehemu ya katikati, pale Yusuf anapoachwa kwa Hamid Suleiman, mwenye duka katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji, na Kalasinga anakuja na utani wake. Mwandishi hasemi ni Moshi. Mimi nimeshaamua ni Moshi.

Mwisho wake hauna maiti, lakini kijana aliyekuwa mali ya mtu, anayetafuta namna ya kutoka, anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Mjerumani. Hapo sikukasirika. Niliogopa kwa niaba yake, maana najua anakokwenda ni wapi na yeye hajui.

Basi swali langu. Nipeni riwaya ambayo mtu, hasa mwanamke, anakosea, anaumia, na mwandishi anamwacha abaki hai na matokeo yake. Sitaki hadithi za kuishia harusini kwa vigelegele. Na kama mnaona namwonea Kezilahabi, semeni, nipo hadi saa mbili usiku.

---

Kijana wa Sakina, Arusha

Mama shikamoo. Soma Elvis Musiba, anza na Kufa na Kupona. Willy Gamba hafi ng'o. Wanaokufa ni wengine.

---

Mama Zipu, Moshi

Marahaba mwanangu. Willy Gamba tulimsoma sekondari, kitabu kimefichwa ndani ya daftari la jiografia, na nilimpenda kama kila msichana wa bweni letu. Lakini yule hafi kwa sababu lazima kuwe na kitabu kinachofuata. Na wanawake wa mle wote ni warembo, sikumbuki hata mmoja aliyekwenda sokoni kununua mboga. Nipe wa kununua mboga.

---

Mwalimu Mstaafu, Usa River

Mama Zipu, salamu. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na Rosa Mistika nimewahi kuitetea mbele ya watu waliotaka nisiwe nayo hata kabatini kwangu. Mnakumbuka kitabu kile kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Sababu iliyosemwa ni maadili. Kwa hiyo niruhusu nikubishie kidogo.

Unasema Rosa amemalizwa na Charles. Hapana, mama. Mwangalie Charles vizuri. Hanywi pombe, hapigi, ana adabu, ni mchumba ambaye mzazi yeyote angemshukuru Mungu kumpata. Na anampiga Rosa kwa fimbo ileile ya Zakaria. Baba alimpiga kwa kushuku kwamba mwili wake umeguswa, mchumba anamwacha kwa kuthibitisha kwamba umeguswa. Kosa ni moja, hakimu ndiye amebadilika. Rosa alimhimili Zakaria kwa sababu aliamini nje ya nyumba ile kuna watu wa aina nyingine. Charles ndiye aliyemwonyesha kwamba hakuna. Hapo ndipo anapokosa pa kukimbilia.

Halafu fikiri kuhusu msomaji wa 1971. Ungemwacha Rosa hai, aokoke, aolewe na mjane fulani, msomaji yule angefunga kitabu kwa amani akasema binti alihangaika lakini mwisho alipata akili. Zakaria angesahaulika. Kifo kile kinamzuia msomaji kumsamehe Zakaria. Nimewaona wanaume wazima darasani, walimu wa mafunzo kazini, wakinyamaza kimya kwenye kurasa zile, na najua kila mmoja alikuwa anamkumbuka binti gani.

Kuhusu Kazimoto nakubaliana nawe nusu. Pale Kezilahabi alikuwa na maswali ya vitabu alivyosoma kuhusu maana ya kuishi, na wakati mwingine Kazimoto anabeba maswali hayo badala ya kubeba maisha yake mwenyewe.

Unachotafuta kipo. Soma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980. Maimuna ni binti wa Bwana Maksuudi, mzee mwenye sauti mjini na giza nyumbani, anayewafungia wanawe ndani. Maimuna anatoka, anaanguka, na anaanguka mbali. Sikwambii zaidi, ila mwandishi hamwachi kaburini. Ukimaliza, rudi kwa Shaaban Robert. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kufundisha watu sheria, anasimama mbele ya mfalme na yule waziri Majivuno, anajitetea siku kwa siku kwa habari za wajumbe waliotangulia kufungwa, na anashinda. Mtu wa kwanza mkubwa wa riwaya zetu alitoka mahakamani akiwa hai, tusisahau.

---

Mama Zipu, Moshi

Shikamoo mwalimu. Hilo la fimbo ileile limenikalia. Nimelirudia mara mbili huku nikipima lastiki, na sina jibu zuri. Kwa Charles umenishinda.

Lakini kwa Rosa bado nina neno. Unasema kifo kinamzuia msomaji kumsamehe Zakaria. Sawa, kwa msomaji mwanamume. Wale walimu wako walinyamaza, vizuri, walistahili. Msichana aliyeisoma akiwa na siri kama ya Rosa je? Naye alikuwepo darasani, au alikuwa amekiazima kwa siri kama mimi. Yeye kitabu kilimwambia nini? Kilimwambia kwamba ikishajulikana, hakuna kesho. Namwambia mwandishi ukweli wa baba nimeuona, ila wewe pia umeufunga mlango. Adam Shafi aliandika kwa wote wawili. Yasmin wake ana siri zinazojulikana mtaa mzima, na kesho yake anaamka anapika chai.

Najua nalinganisha 1971 na 1999, na kati yao dunia ilibadilika. Hata hivyo.

Kusadikika niliisoma nikiwa darasani na nikairudia mwaka jana. Kiswahili kile ni cha kukaa wima ukisoma. Ila Karama simlilii mwalimu, nisamehe. Anaongea hotuba asubuhi hadi jioni na hatujui anakula nini wala anamkosa nani. Akishinda nafurahi kwa ajili ya sheria, siyo kwa ajili yake. Utengano naitafuta.

---

Binti Tanga

Dada Mama Zipu, mimi ni wa Tanga nimeolewa Moshi, nakaa Majengo. Umesoma Siku Njema ya Ken Walibora? Ya 1996. Wenzetu Kenya wameisoma shuleni kizazi kizima, huku wengi hawaijui, na nusu ya hadithi ni ya kwetu Tanga! Kongowea Mswahili, mtoto wa Zainabu Makame mwimbaji wa taarabu, anakwenda Kenya hadi Kitale kumtafuta baba yake. Anasimulia mwenyewe, kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza unajua yu hai. Nilipoisoma mara ya kwanza huku ugenini nilitaka kupanda basi niende zangu nyumbani.

Nakuonya tu kwamba mama yake anafariki mapema.

---

Mama Zipu, Moshi

Ona! Nimesema nini mimi?

Nitaisoma mdogo wangu, kwa ajili ya taarabu. Lakini mama akifa ili mtoto apate sababu ya kusafiri, mimi naiandika kwenye deni la mwandishi.

---

Dereva wa Pori, Arusha

Habari za jukwaa. Mimi ni dereva wa watalii, nakaa Kijenge, na vitabu vyangu vyote ni wageni wanavyoviacha garini. Wengine wanaacha makusudi, wanasema mzigo wa ndege umezidi. Nasoma nikiwa nasubiri, na kazi hii nusu yake ni kusubiri. Wageni wanapanda kile kilima pale Naabi, lango la Serengeti, mimi nipo kivulini na kitabu. Nina maboksi mawili nyumbani, mengi ni ya wapelelezi wa Sweden wanaokuta maiti kwenye theluji. Hayo siwapendekezei.

Lakini mgeni mmoja aliniachia Afterlives ya Gurnah, ya 2020, ipo kwa Kiingereza. Mama Zipu, nadhani hicho ndicho kitabu chako. Nilivyosoma ulivyoandika kuhusu Rosa na ile barua nikakikumbuka papo hapo.

Kuna msichana anaitwa Afiya. Kaka yake Ilyas anamfundisha kusoma na kuandika, kisha anaondoka kujiunga na askari wa Mjerumani na anamrudisha kijijini kwa watu waliokuwa wakimlea. Baba wa nyumba ile siku anapogundua kwamba mtoto anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Swali lake ni kwamba msichana ataandika nini kama si barua kwa mwanamume. Yaani Zakaria mtupu. Tofauti ni kwamba Afiya anatumia kuandika huko huko kujiokoa: anaandika kikaratasi kumwomba msaada Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa anakuja kumchukua. Anakua. Mkono ule haurudi kuwa sawa. Baadaye anatokea Hamza, aliyerudi vitani na mguu mbaya na woga mwingi, na hao wawili wanapendana taratibu sana, kwa maneno machache, na wanapata mtoto. Mimi ni mwanamume wa pori, lakini kurasa zile nilizisoma polepole zisiishe.

Na ukitaka kujua Yusuf wa Peponi alikuwa anakimbilia nini, habari za Hamza jeshini zitakuonyesha. Si yeye, ni mtu mwingine na kitabu kingine, lakini ule msafara unauona kwa ndani: viboko, njaa, ofisa Mjerumani anayemchagua kijana awe mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani. Mambo mengine yanauma. Ilyas mwenyewe hana mwisho mzuri, nisikufiche.

Nakuletea ukitaka. Kesho napandisha wageni Ngorongoro, nikirudi nitashuka uwanja wa ndege wa KIA kuwapeleka, hapo nikimpa jamaa yangu wa Coaster ya Moshi kinafika siku hiyo hiyo.

---

Mama Zipu, Moshi

Kaka yangu, kilete. Kiingereza changu ni cha polepole lakini kinafika.

Msichana anayepigwa kwa kuandikiwa barua na msichana anayepigwa kwa kujua kuandika! Mwalimu, umeona? Baba ni yuleyule, mkono ni uleule, na bado mwandishi huyu amepata njia ya pili. Haijafuta kipigo, na kwa jinsi dereva anavyoeleza haijakipunguza. Sitasema zaidi kabla sijakisoma, nisije nikaitwa shabiki wa kitabu cha kusimuliwa.

---

Mwalimu Mstaafu, Usa River

Nimeona, mama. Ila kumbuka Afiya alikuwa na Khalifa wa kumwandikia. Niambie Rosa angemwandikia nani. Ukikimaliza turudi hapa, mimi naanza kukitafuta leo.

---

Kijana wa Sakina, Arusha

Mama, hiyo Vuta N'kuvute si ndiyo ile filamu ya Amil Shivji ya 2021? Niliiona kipande. Kuna haja ya kusoma tena?

---

Mama Zipu, Moshi

Ndiyo hiyo. Filamu ni nzuri kwa macho, itazame yote, lakini haibebi riwaya nzima. Soma kwanza. Ukishuka Moshi uliza mafundi wa Mbuyuni duka la zipu, nitakuazima yangu. Masharti ni mawili: hukunji pembe za kurasa, na huondoki bila kuacha cha kwako. Hata Willy Gamba napokea.